Nguvu ya Konde Haitoki Mkononi

Katika kila kambi yenye timu ya ngumi hukosi kumkuta askari mmoja ambaye misuli yake hutajwa na watu wote. Mikono yake ni minene kama mapaja ya wengine, fulana ya mazoezi humbana kifuani, na wenziwe hutafuta visingizio ili wasisimame naye ulingoni. Na katika kambi hiyo hiyo yupo mwembamba mmoja, pengine dereva au karani wa stoo, ambaye siku ya mashindano baina ya kombania humlaza yule mnene chali kwa konde moja ambalo nusu ya watazamaji hawakuliona. Hapo maneno huanza. Wako wasemao ni bahati, na wako wanong'onao kwamba yule mwembamba alikwenda kwa mganga.

Si bahati, wala mganga hana sehemu katika jambo hili. Konde hutii kanuni zile zile zinazoitii risasi, kombora na jiwe litupwalo na mtoto shambani. Isaac Newton alizichapisha kanuni hizo mwaka 1687. Naziandika hapa kwa lugha tunayoitumia kambini kwa sababu mabondia wengi wa majeshi yetu hufundishwa kupiga bila kuelezwa konde lapata wapi nguvu zake, na, jambo lililo baya zaidi, bila kuelezwa nguvu hizo hufanya nini zikishafika.

Tuanze na vipimo. Kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, hupimwa kwa nyutoni. Ukiweka mfuko wa sukari wa kilo moja juu ya kiganja chako, kani inayokikandamiza kiganja ni nyutoni zinazokaribia 10. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya konde la Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu ambaye miaka kumi baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC kwa kumshinda Oliver McCall. Walimpa shabaha iliyoning'inizwa, iliyovikwa pedi na kufungwa vyombo vya kupimia, wakamwambia apige. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde ngumi yake ilikwenda sentimita 49, ikafika kwenye shabaha kwa mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde, na kani yake ikapanda hadi nyutoni 4,096. Hiyo ni kama kubebeshwa ghafla magunia manne ya kilo mia mia. Watafiti wale walilinganisha konde hilo na nyundo ya mbao ya kilo 6, iliyovikwa pedi, ikija kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa.

Yafaa msomaji azitazame tena zile sentimita 49. Ni hatua fupi, haizidi mkono wa mtoto, wala bondia yule hakuurudisha mkono nyuma ya mgongo kama mtu anayepasua kuni. Yafaa pia aukumbuke ule muda. Jicho na ubongo wa mtu mzima huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde kuona jambo na kuuamuru mwili uitikie, na konde la Bruno lilifika katika nusu ya muda huo. Ndiyo maana kocha anayejua kazi yake humkataza kijana kuitazama ngumi ya mpinzani, bali humfundisha kutazama bega na kiuno. Anayeingoja ngumi ndipo aione ameshachelewa.

Sasa tuichukue bunduki, maana hapo sote ni wenyeji. Risasi ya AK-47, ambayo wengi wetu twaiita SMG, ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipima makonde ya mabondia wa kiwango cha Olimpiki, wakaona kwamba ngumi zao zilifika kwa mwendo wa wastani wa mita 9.14 kwa sekunde, na kwamba uzito uliokuwa nyuma ya kila konde ulikuwa wastani wa kilo 2.9. Zidisha uzito kwa mwendo. Utapata kile ambacho wanasayansi hukiita momenta, yaani kipimo cha jinsi kitu kilivyo kigumu kusimamishwa. Risasi itakupa kama 5.6. Konde litakupa zaidi ya 26.

Nimewaona askari wakikataa hesabu hii kwa kicheko, lakini ndiyo kweli: kwa kusukuma, konde la bondia hodari laishinda risasi zaidi ya mara nne. Katika sinema mtu akipigwa risasi hurushwa nyuma hadi akavunja dirisha. Lau risasi ingekuwa na msukumo wa namna hiyo, naye aliyeifyatua angerushwa nyuma vivyo hivyo, kwa kuwa bunduki humrudishia bega lake kile kile inachokipa risasi. Ubaya wa risasi uko kwenye nishati. Nishati hukua kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Kwa hiyo kile kipande cha gramu 8 hubeba karibu juli 2,000 na kuziingiza mahali padogo kuliko kucha, hali konde hubeba kama juli 120 tu na kuzitandaza juu ya shavu zima. Risasi hutoboa. Ngumi husukuma na kuzungusha, na kuzungusha huko tutakurudia, kwani ndiko kwenye hatari yenyewe.

Lile neno "uzito ulio nyuma ya konde" ndilo fumbo la yule mnene na yule mwembamba. Kiganja cha mtu pamoja na glavu ya aunsi 10 havifiki kilo moja. Zile kilo 2.9 zimetoka wapi, basi? Zimetoka kwenye kigasha, bega na kiwiliwili, kwa kadiri bondia alivyoweza kuviunga viwe kitu kimoja wakati ngumi inapogusa. Kila kuruta amelijua jambo hili mwilini mwake tangu siku ya kwanza ya shabaha. Anayekishika kitako cha bunduki kwa ulegevu, mbali kidogo na bega, hupigwa na bunduki yake mwenyewe na kulala na bega lililovimba. Anayekikaza begani husukumwa polepole tu, kwa sababu sasa bunduki na mwili wake vimekuwa mzigo mmoja, na mzigo mkubwa haurushwi kwa urahisi. Bondia hufanya vivyo hivyo kwa upande wa kutoa. Kifundo kikilegea wakati wa kugusa, ngumi huwa peke yake, na mpinzani hupigwa na kilo moja. Kikikazwa, kiwiko kikiwa nyuma ya ngumi na bega nyuma ya kiwiko, hupigwa na sehemu ya mtu.

Lakini kukaza kuna wakati wake, na hapa ndipo wenye misuli mingi wanapokosea. Misuli iliyokazwa tangu mwanzo huuzuia mkono usikimbie, kwa sababu ule unaokunja na ule unaonyosha huvutana kama watu wawili wanaogombea kamba. Mabingwa wa kupiga waliopimwa misuli yao kwa vyombo vya umeme wameonyesha mpango wa namna yake: misuli hukaza mara moja mwili unapoanza kusukuma, hulegea mkono ukiwa njiani ili uende kasi, kisha hukaza mara ya pili ngumi inapogusa. Yote hayo hutendeka ndani ya ile sehemu ya kumi ya sekunde. Yule askari mnene aliyezoea kunyanyua vyuma hukaza mara moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, na uso wake hukaza pia. Konde lake laonekana la kutisha, nalo hufika limechoka.

Na mwendo wenyewe hutoka wapi? Hutoka ardhini. Kanuni ya tatu ya Newton yasema kwamba ukikisukuma kitu, nacho hukusukuma kwa kani iliyo sawa kuelekea upande wa pili. Bondia atumiaye mkono wa kulia huisukuma sakafu kwa vidole vya mguu wa kulia, nayo sakafu humsukuma. Msukumo huo hupanda gotini, kiuno kikageuka, kifua kikafuata kiuno, bega likafuata kifua, na mkono ukatoka mwisho kama ncha ya mjeledi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Urusi ya Kisovieti waliwapima mabondia wa madaraja mbalimbali ili wajue kila kiungo huchangia nini katika konde lililonyooka. Kwa mabingwa, miguu ilitoa karibu asilimia 38 ya nguvu, kiwiliwili asilimia 37, na mkono asilimia 24 tu. Kwa wale wa daraja la chini, mkono ulitoa asilimia 38 na miguu chini ya asilimia 17. Watafiti wengine wa Uingereza, mwaka 2000, waliona kwamba mkono wa nyuma wa bondia wa daraja la juu hupiga kwa wastani wa nyutoni 4,800, na wa mwanagenzi nyutoni 2,381. Wa kwanza hana mikono miwili katika bega moja. Ana miguu.

Anayetaka kuthibitisha na atupe bomu la mkono la mazoezi akiwa amesimama, kisha alitupe akiwa amepiga magoti, apime tofauti kwa hatua. Mkono ni ule ule.

Kwa sababu hiyo napenda kusema neno juu ya ulingo. Turubai lililolowa maji au lililolegea humwibia bondia nguvu kuliko mpinzani yeyote, maana mguu ukiteleza hapana cha kuupandisha kiunoni. Nimeona mashindano ya kikosi yakifanywa juu ya jukwaa la mbao lililotandikwa hema bovu, na vijana wakilaumiwa kwamba hawana konde. Konde walikuwa nalo. Hawakuwa na mahali pa kukanyaga.

Hapa kwetu Uganda hakuna mfano ulio bora kuliko John Mugabi, aliyepachikwa jina la Mnyama. Alirudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akaingia ngumi za kulipwa, akashinda mapambano yake 25 ya kwanza, yote kwa kumaliza kabla ya kengele ya mwisho. Tarehe 10 Machi 1986, katika jiji la Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati tangu mwaka 1980. Mugabi alisimama naye raundi kumi nzima, akaangushwa katika raundi ya 11. Anayepata filamu ya pambano lile asiitazame mikono ya ndugu yetu huyu, aitazame miguu yake. Kwa maoni yangu pambano lilishindwa na kushinda huko chini. Mpigaji aliyezoea kumaliza kazi mapema hajapata haja ya kuilisha miguu yake kwa raundi nyingi, na miguu ikichoka, konde hupoteza ile sehemu yake iliyo kubwa kabisa, hata kama mkono wenyewe bado una hamu. Mugabi hakuwa ameishiwa ushujaa, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1989, aliupata mkanda wa WBC wa uzito wa kati mwepesi.

Jirani zetu wa Kongo nao waliona jambo linalofanana na hilo, kwa upande wa mpokeaji. George Foreman alipoingia Kinshasa mwaka 1974 alikuwa ameshinda mapambano 40 bila kushindwa, 37 kati yake kwa nokauti, na mwaka uliotangulia alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali aliegemea kamba, akajikinga kwa mikono na kumwacha apige. Wengi walidhani anatafuta kifo. Lakini askari arukaye kutoka kwenye lori anajua kwa nini hukunja magoti: ukirefusha muda wa kusimamishwa, kani hupungua, ingawa momenta ni ile ile. Kamba zile zilikuwa zimelegea, na kila konde lililomfikia Ali lilitumia sehemu ya msukumo wake kuzivuta kamba nyuma badala ya kuuvunja mwili. Ali alikuwa akiteremka kwenye lori kwa magoti yaliyokunjwa, raundi baada ya raundi, huku Foreman akilipa gharama ya kila konde kwa miguu yake mwenyewe. Katika raundi ya nane Foreman hakuwa na miguu. Ali alitoka kambani na kummaliza kwa mkono wa kulia.

Sasa twende kichwani. Ubongo wa mtu mzima una uzito unaozidi kilo moja na robo, nao ni laini kuliko matoke yaliyopondwa. Umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji kidogo. Kichwa kikisukumwa moja kwa moja nyuma, ubongo huumia, lakini kikizungushwa ghafla huumia zaidi, kwa sababu fuvu hugeuka kwanza na ubongo hubaki nyuma, na nyuzi nyembamba za fahamu hunyongwa na kunyoshwa kama nguo inayokamuliwa. Kidevu kiko mbali na shingo, hivyo hutumika kama mpini: konde la pembeni likigusa ncha ya kidevu hukizungusha kichwa kwa urahisi ule ule anaoupata mtu afunguaye nati kwa spana ndefu. Ndipo mtu huzimika kabla hajafika chini. Na asiyeliona konde likija huzimika upesi zaidi, kwa kuwa hakuikaza shingo, na kichwa chake hubaki kitu cha kilo tano hivi kilichokaa peke yake, hakikuungwa na mwili.

Glavu haizuii jambo hilo. Hutandaza kani, hupunguza mipasuko ya ngozi, na zaidi ya yote huilinda mifupa ya vidole vya anayepiga, kwa hiyo humruhusu kukilenga kichwa mara nyingi kuliko angalivyothubutu kwa ngumi tupu. Kofia ya kujikinga nayo huzuia michubuko, wala haikizuii kichwa kuzunguka. Shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa liliziondoa kofia hizo kwa wanaume wa daraja la juu mwaka 2013, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walipigana bila hizo. Askari asidhani kwamba akivaa kofia amevaa helmeti ya vita.

Nilipokuwa shule ya makadeti, mwenzangu wa bweni alipigwa konde la pembeni katika raundi ya pili ya pambano la kombania. Alianguka, akainuka katika hesabu ya sita, akaruhusiwa kuendelea, akamaliza raundi zote akishangiliwa. Jioni ile, tukiwa tumeketi vitandani, aliniuliza kama pambano lake ni leo au kesho. Nikamwambia limekwisha. Akacheka. Baada ya dakika chache akaniuliza tena kwa maneno yale yale, na kabla ya taa kuzimwa alikuwa ameniuliza mara nne. Nasi tulicheka, maana tulidhani anatania. Kulipopambazuka alitoka nasi kwenye mbio za kilomita kumi akiwa na mzigo mgongoni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asitoke, wala yeye hakutaka aonekane mvivu. Alitapika njiani mara mbili, akaambiwa ni chai.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini leo najua kwamba tulikuwa tukicheza kamari na uhai wake, na kwamba mimi niliyeulizwa mara nne nilikuwa na habari ambayo daktari angeipokea kwa mikono miwili, nami nikaificha kwa kicheko. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapoa huweza kuvimba kwa ghafla, na konde la pili linaloua si lazima liwe kali. Tena yako madhara yanayokuja polepole. Tangu mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alikwisha kuandika juu ya mabondia wa zamani waliokuwa wakipepesuka na kusema kwa ulimi mzito kama walevi, hali hawakunywa.

Kanuni za ngumi za ridhaa kwa muda mrefu zimemtaka bondia aliyezimishwa kwa pigo la kichwa akae nje ya ulingo na nje ya mazoezi ya kupigana kwa siku zisizopungua 30. Akizimishwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, siku 90. Na mara tatu ndani ya mwaka, mwaka mzima. Katika mashindano makubwa jambo hilo huandikwa kwenye kitabu cha bondia na kutiwa saini na daktari. Katika mashindano ya kombania, yanayofanywa Jumamosi alasiri nyuma ya bwalo, mara nyingi hapana kitabu wala daktari, na mwamuzi ni sajini mwenye filimbi. Afande aliyeandaa pambano ndiye kitabu.

Kwa hiyo kijana akiinuka kutoka chini, aulizwe mahali alipo, siku ya leo, jina la mpinzani wake na raundi waliyomo. Akisitasita katika moja ya hayo, glavu zivuliwe hapo hapo. Usiku asilale chumba cha peke yake, wala asipewe zamu ya lindo, na aliye kitanda cha jirani aagizwe kumtazama. Kichwa kikizidi kumuuma, akitapika, akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, mboni ya jicho moja ikiwa pana kuliko ya pili, au akirudia swali alilokwisha kujibiwa, gari litafutwe usiku ule ule limpeleke hospitali, bila kungoja zamu ya wagonjwa ya asubuhi.